Saa Mkononi, Kiwewe Moyoni

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni saa janja na watu wanaoishi na athari za kiwewe: anayeruka mlango ukibamizwa, anayeamka usiku wa manane amelowa jasho. Kaka Baraka, tuanzie chini kabisa. Hiyo saa inajua nini?

BARAKA: Inajua mapigo ya moyo na mkono unavyosogea, basi. Upande unaogusa ngozi una taa za kijani. Damu hunyonya mwanga huo, na kila pigo likipita, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa inahesabu kupungua huko. Haijui kama umepanda ngazi, umekunywa kahawa, au umesikia sauti iliyokurudisha siku ile.

ZUHURA: Ndiyo maana inaniuma kuona mtu amewasha arifa zote siku ya kwanza. Saa inatetemeka, anashtuka, moyo unakwenda mbio zaidi, inatetemeka tena. Mwili wake tayari uko macho saa zote, na sasa umemfungia king'ora mkononi.

BARAKA: Kabisa. Wiki 2 za kwanza, zima arifa za mapigo. Ivae tu mchana na usiku mpaka ujue kawaida yako ukiwa umetulia. Mkanda ukae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Ukilegea, mwanga wa nje unapenya na namba zinarukaruka. Mchoro wa tatoo chini ya kihisi nao huvuruga. Na ichaji jioni mapema, unapooga au unapokula. Wengi huichaji wakilala, halafu usiku wenyewe, ambao ndio tunautaka, unapotea.

ZUHURA: Wanaotumia dawa?

BARAKA: Propranolol, dawa inayotumika kwa moyo na shinikizo la damu, hushusha mapigo. Saa inaweza kuonyesha umetulia tuli huku ndani unawaka. Usiiamini kuliko nafsi yako, na usiguse dozi kwa sababu ya grafu.

ZUHURA: Mimi nasisitiza daftari. Mistari 3 tu: saa ngapi, ulikuwa wapi ukifanya nini, hofu ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10. Tuseme grafu inaonyesha mapigo yamepanda kutoka 72 hadi 115 kwa dakika, saa 11:40 jioni. Peke yake ni kilima tu. Daftari likisema "kwenye foleni, mtu amesimama nyuma yangu, 7", mtaalamu wako wa afya ya akili ana pa kushika.

BARAKA: Na mpelekee mara moja kwa wiki. Kuchungulia namba kila nusu saa kunalisha hofu ileile.

ZUHURA: Lakini watu wanataka saa iwaonye kabla hawajazama.

BARAKA: Hapo tuseme kweli. Kwenye Apple Watch, kwa mfano, arifa ya mapigo ya juu hutoka baada ya kuonekana umetulia bila kusogea kwa dakika 10, na kiwango cha chini unachoweza kuchagua ni 100. Kumbukumbu inayovamia huja kwa sekunde. Arifa ikifika, wimbi limeshakupita. Ninaloona lina faida zaidi ni mtetemo wa saa unaoongoza pumzi, kwa sababu unauwasha mwenyewe.

ZUHURA: Tuwape hatua.

BARAKA: Vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5, asubuhi na jioni, ukiwa mtulivu. Ukingoja siku ya tufani ndipo ujifunze, hutaweza.

ZUHURA: Niongeze hapa, dada na kaka mnaosikiliza: kuna ambao kusikiliza pumzi kwenyewe kunawatisha, hasa kama tukio lilihusu kukabwa au kukosa hewa. Usijilazimishe. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu 5 unavyoviona. Mtetemo uutumie kama ishara ya kuanza hilo.

BARAKA: Usiku ni habari nyingine. NightWare, programu ya Apple Watch ya kukatiza ndoto za kutisha, iliruhusiwa Marekani na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, mnamo Novemba 2020, kwa watu wa miaka 22 na kuendelea, kwa cheti cha daktari. Inatumia mapigo na mienendo ya mwili kutambua ndoto ya kutisha, kisha inatetemeka kidogo kidogo ili kuikatiza bila kukuamsha. Anayepiga mateke au kuinuka akiwa ndotoni haimfai. Nayo haikuruhusiwa kama tiba pekee.

ZUHURA: Tiba yenyewe bado ni kuketi na mtaalamu. Na hapo ndipo saa inaweza kuharibu, na hili halisemwi vya kutosha. Katika tiba ya kukabili kumbukumbu, mtu anabaki na hofu mpaka aone inashuka yenyewe. Akitoka sokoni kila mapigo yakifika 100, saa imekuwa mlango wa kukimbilia, na hofu haishuki ng'o.

BARAKA: Kipimo chake ni rahisi. Siku 1 kwa wiki iache nyumbani, baada ya kukubaliana na mtaalamu wako. Ukigundua huwezi kuvuka kizingiti bila hiyo saa, liandike hilo daftarini kwanza kabla ya namba yoyote, na mfungulie nalo kikao kijacho.