Dala Yetu Ilianzia Bonde Hili: Jáchymov, Ucheki

Karibuni tena, ndugu zangu mnaotazama kutoka nyumbani. Mji mnaouona nyuma yangu ni Jáchymov, tamka Yahimov. Uko kaskazini-magharibi mwa Ucheki, karibu na mpaka wa Ujerumani, na wakazi wake hawafiki 3,000. Katika miaka ya 1530 walikuwa kama 18,000. Kwa Bohemia, ufalme wa zamani ulioko Ucheki ya leo, ni Praha tu iliyouzidi.

Kilichowaleta ni fedha, ile ya kuchimbwa. Mji ulianzishwa 1516, na mwaka 1520 bunge la Bohemia likawaruhusu akina Šlik, wenye ardhi, kupiga sarafu. Sarafu yao ilikuwa nzito, karibu gramu 29, ina picha ya Mtakatifu Yoakimu. Kwa Kijerumani mji ni Joachimsthal, bonde la Yoakimu, basi sarafu ikaitwa Joachimsthaler. Jina refu mno kwa sokoni! Watu wakabakiza thaler. Waingereza wakasema dollar, na sisi tukasema dala, yaani shilingi 5. Ilipokuwa nauli ya basi, tukapata daladala. Na ile thaler ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780 ndiyo wazee wa Unguja waliyoiita reale ya Sham.

Watu wakubwa wa mji huu wengi walihamia hapa kutoka kwingine. Georgius Agricola alikuja 1527 kuwa tabibu wa mji, akawa anawachunguza wachimbaji, pampu zao na tanuri zao. Kitabu chake cha uchimbaji kilitoka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Sasa sikilizeni habari ya jiwe jeusi. Wachimbaji walilitupa, maana lilipotokea, mara nyingi mkondo wa fedha ulikuwa umekwisha. Baadaye likatolewa urani, yaani uranium, ya kutia rangi vioo, na makapi yakamwagwa msituni. Makapi hayo ndiyo wanasayansi Marie na Pierre Curie waliyoyaagiza yaletwe Paris, tani kwa tani, ili wapate radiamu, metali inayotoa mionzi, yakiwa yamechanganyika na majani ya misonobari. Kazi ilikuwa hivi: unachemsha na magadi, unaosha, unatia asidi, unapata bariamu, metali nyingine, iliyobeba radiamu. Ugumu uko hapo, kwa kuwa hizo mbili zinafanana mno kikemia. Dawa yake ni kugandisha fuwele, kuyeyusha, kugandisha tena, mara nyingi sana. Kufikia 1902 Marie alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu, yaani chumvi yake.

Maji ya mgodi wa Svornost, uliofunguliwa 1518, bado yanapelekwa kwa bomba hadi kwenye mabafu ya tiba ya viungo. Msitarajie kuyabeba kwa chupa: radoni, gesi yenye mionzi iliyomo ndani yake, hupoteza nusu ya nguvu kwa siku zisizofika 4.

Mkija huku, jengo la kupigia sarafu sasa ni makumbusho. Kisha shukeni hadi Vykmanov, kando ya Ostrov, mkautazame mnara wa matofali mekundu. Baada ya 1949 wafungwa wa kisiasa walisaga humo mawe ya urani bila kinga yoyote, wakayajaza kwenye mapipa ya kupelekwa Urusi. Wenyeji wanauita Mnara wa Kifo.