Kujiinua Kayaki Ikipinduka: Zoezi la Bwawani Kiangazi, Kisumu

Haya, hamjambo nyote, karibuni. Leo tuko bwawani hapa Kisumu, asubuhi mapema kabla watoto hawajajaa. Ni Januari. Mto Nzoia umeanika mawe, Yala vilevile, na Sondu ukishapita pale maji yanapochepushwa kwenda kwenye mtambo wa umeme, hakuna cha kukuelesha. Wenzetu wa Ulaya na Kanada miezi hii mito yao imeshikwa na baridi na barafu, nao wanafanya hivihivi: kayaki inaingizwa bwawani. Mvua za Machi zikifika, mkono na nyonga viwe vimeshazoea.

Utaniuliza kwa nini tusiende ziwani, na ziwa liko hapo tu. Viboko, ndugu yangu, na kichocho. Huwezi kukaa kichwa chini majini huku hujui nini kiko pembeni. Bwawani unaona hadi sakafuni.

Vifaa upesi. Kayaki ya maji makali, hii fupi, mita mbili na kitu. Kasia, sketi (kile kifuniko unachovaa kiunoni kinachoziba tundu la kukalia, maji yasiingie), helmeti, jaketi la kujiokoa. Kibano cha pua kinunue, ni kidogo na kinakuondolea nusu ya hofu. Ioshe kayaki nje na ndani kabla ya kuileta, mwenye bwawa akiona tope mara moja hutaruhusiwa tena. Maji yakufike kifuani ukiwa umesimama. Yakiwa ya magotini utagonga kichwa.

Kaa ndani. Matako yashike kiti, magoti yabane chini ya sitaha, nyayo zifikie kiegemeo. Ukitikisa nyonga kayaki itikisike papo hapo. Ikichelewa, kuna nafasi: jaza sponji ngumu pembeni mwa nyonga, pande zote mbili.

Sasa sketi. Anza nyuma ya mgongo, ingiza ukingo, vuta mbele, malizia pembeni. Kitanzi cha mbele kiwe NJE. Hiki hapa, sogeza kamera. Kitanzi hiki ndicho mlango wako. Kikibaki ndani umejifungia.

Ngoja, simameni hapo. Mmeona kwa mwenzangu? Sketi imekaa vizuri kabisa, lakini kitanzi kimelala chini yake. Omera, fungua, rudia. Mnaona ilivyo rahisi? Kwa hiyo kabla ya kusukuma kutoka ukingoni unakigusa kwa mkono, kila mara. Kukitazama hakutoshi. Kiguse.

Kabla ya kujifunza kuinuka, jifunze kutoka. Pinduka, inama mbele hadi paji la uso lisogelee sitaha, piga tumbo la kayaki mara tatu kwa viganja, wenzako wajue uko sawa. Shika kitanzi, kisukume mbele kwanza, halafu kiondoe. Ukikivuta moja kwa moja kuelekea tumboni ukingo hauachii, na hapo ndipo watu huanza kuhangaika. Mikono pembeni mwa nyonga, sukuma, toka kama unavyovua suruali, ukiwa bado umeinama mbele. Ukilala nyuma mapaja yanakwama. Fanya hivyo mpaka moyo utulie. Na ukishatoka, iache kayaki ikiwa kifudifudi, iburute hadi ukingoni. Ukiigeuza katikati ya bwawa inajaa maji na inakuwa mzigo wa watu wawili.

Tumefika kwenye nyonga, na hapa sina haraka. Acha kasia pembeni. Shika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili, laza shavu juu ya mikono, ipindue kayaki ikuelemee. Sasa irudishe kwa goti. Goti lile lililo upande wa mikono yako ndilo linalovuta juu. Mikono isikamue ukingo. Kama vidole vinaweka alama nyekundu, unainuka kwa mabega, na mabega mtoni hayatakutosha. Kumi upande huu, kumi upande ule, mara tatu.

Kichwa kinakuja MWISHO. Kayaki kwanza, halafu kiwiliwili, halafu kichwa. Akili inataka hewa, kwa hiyo inataka kutoa kichwa kwanza. Ukikiinua, ubavu unajikunja upande usiofaa, goti lisilotakiwa ndilo linavuta, na kayaki inarudi chini nawe ndani yake. Ukiona mtu ametoa uso, amevuta nusu pumzi, amezama tena, sababu ni hiyo karibu kila mara.

Tuna dawa yake. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ibane kati ya shavu na bega, bega la upande wa ukingo. Inuka kwa nyonga. Sponji ikianguka kabla kayaki haijakaa sawa, umetoa kichwa mapema. Tazama, hii... imeanguka. Tena. Hapo! Kayaki imekaa, sponji bado iko. Hilo ndilo tunalotafuta.

Sasa kasia. Subiri kidogo, jua linapiga maji, hamtaona kitu. Omera, zunguka upande wa pili, jua liwe mgongoni mwako. Sawa.

Inama mbele, kasia lilale ubavuni mwa kayaki, bapa moja, ile ncha pana ya kasia, karibu na pua, jingine nyuma yako. Pinduka. Hilo halihitaji somo. Ukiwa chini, sukuma mikono yote miwili mpaka uhisi hewa kwenye vifundo vya mikono. Usianze kabla ya kuihisi. Mwenzako anaweza kukugonga vidole kukuambia viko nje. Halafu fagia bapa la mbele juu ya uso wa maji, mbali na pua, mpaka kasia likae pembe mraba na kayaki. Macho yanalifuata bapa. Ukilitazama bapa huwezi kuinua kichwa, ndiyo maana nasisitiza macho. Bapa likifika hapo, goti linavuta, nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, na kichwa je? Kichwa mwisho.

Bapa likizama badala ya kuteleza, tazama kifundo cha mkono. Ukingo unaotangulia unatakiwa uinuke kidogo tu, bapa lipande juu ya maji. Kasia nyingi za mtoni mabapa yake yamepishana, nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo mkono unaoongoza ukilegea bapa linachimba. Mimi napenda nyuzi 30, kifundo hakichoki haraka, lakini lililopo ndilo la kujifunzia.

Na mkono wa nyuma: kiwiko kikae mbavuni. Mikono isipande juu ya kichwa wala isipite nyuma ya mabega. Bega hutegukia hapo hapo, na bega likishateguka mara moja hulegea.

Zoezi likikataa mara tatu mfululizo, toka, pumzika, rudi kwenye ukingo na sponji. Ukiendelea ukiwa umechoka unafundisha mwili makosa.

Siku zisizo za bwawa, fanyia nyumbani. Mtungi wa lita tano, ujaze nusu kwanza. Kaa chini, magoti yamekunjwa, mgongo wima, zungusha kiwiliwili mtungi uguse sakafu huku na huku, kumi na tano, mara tatu. Kisha mpira wa ndani wa baiskeli: kata kipande cha mita moja na nusu, funga kwenye nguzo kimo cha kiwiko, kiwiko ubavuni, vuta mkono kwenda nje polepole na urudishe polepole zaidi. Zoezi hili linaonekana la watoto, lakini ndilo linaloshikilia bega. Malizia kwa kukaa miguu imenyooka mbele, mgongo wima, sekunde 30. Ukishindwa kukaa hivyo sebuleni, ndani ya kayaki utalala nyuma bila kujua.

Kama umeshainuka bwawani pande zote mbili na unataka maji yanayokwenda, Januari hii ni Jinja, Uganda. Naili hapo inatoka ziwani, haingoji mvua. Pita Maseno, Luanda, Ugunja hadi Busia, Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Usitegemee ramani za zamani: bwawa la Bujagali la mwaka 2012 na lile la Isimba la 2019 yamefunika maporomoko mengi, na mabwawa ndiyo yanayoamua kiasi cha maji. Waulize wenyeji wa mto asubuhi ileile. Itanda, yale maporomoko makali, itazame kutoka ukingoni, usianzie hapo. Kichocho kiko kule pia, kwa hiyo ukirudi, baada ya miezi miwili hivi nenda ukapimwe.

Kwenye keria ya gari, isimamishe kayaki ubavu. Ukiilaza bapa na kuikaza juani, plastiki inabonyea. Mikanda miwili katikati, kamba moja puani, moja mkiani. Kila mkanda uzungushe mara moja kabla ya kuukaza. Ukiuacha bapa, upepo unautetemesha na unavuma njia nzima. Ukisikia mvumo njiani usiongeze kukaza: simama, legeza, zungusha, kaza tena, halafu zile kamba za mbele na nyuma zivute kwa mkono kabla hujaondoka.