Bahari ya Paje imekwenda wapi? Majibu ya kuwapa wageni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Paje, Jambiani na Bwejuu, na nyinyi wa Mjini mnaopeleka wageni shamba. Huku London jua bado halijazama. Leo hakuna mapishi wala kuzunguka madukani, leo ni maswali ya wageni. Huku wakishajua tu kwamba mtu katoka Unguja, watamuuliza yeye kabla ya kumuuliza mwenye hoteli. Na katika maswali yote, moja linarudi kuliko mengine: "Tulifika Paje asubuhi, bahari haipo. Imekwenda wapi?"

Mnacheka. Lakini huyo mgeni kalipia chumba kinachotazama bahari. Kwenye picha kaona maji ya buluu yamefika mpaka kwenye minazi. Kafungua dirisha saa nne asubuhi, anaona mchanga, majani ya bahari, na akina mama wameinama kwenye mwani, mbali kabisa. Akishuka mapokezi anaambiwa "hakuna matata, yatarudi". Jamani, "yatarudi" si jibu. Mpeni saa.

Na saa mnazijua, ila hamziandiki. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mgeni anapoonewa: kwetu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, yaani kwenye bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne mpaka saa tano asubuhi. Ndiyo kusema bamvua linakauka wakati uleule mgeni anapomaliza kifungua kinywa na kuchukua taulo. Hajakosea siku, wala hamjamdanganya. Mngemwambia jana usiku tu, asubuhi angekwenda Jozani kuwatazama kima punju, akarudi saa nane na nusu, akayakuta maji yanapanda.

Hesabu haihitaji intaneti. Chukua tarehe ya mwezi mwandamo, ile ya msikitini. Tarehe mosi, weka kujaa saa kumi. Kila siku ongeza dakika 50. Tarehe 4 umeongeza mara tatu, dakika 150, kwa hiyo maji yanajaa kama saa kumi na mbili na nusu, na yanapwa saa sita na dakika arubaini hivi. Ukifika tarehe 15 au 16 umerudi palepale saa kumi, anza upya. Unaweza kukosea nusu saa au zaidi kidogo, na kwa kuogelea inatosha. Kwa safari ya ngalawa haitoshi, hapo tazama jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Bamvua lenyewe huwa kubwa siku moja mbili baada ya mwezi mchanga au mpevu, na tofauti ya maji juu na chini inafika kama mita 4. Maji mafu, tarehe 8 au 9 na 22 au 23 hivi, tofauti hiyo inashuka ikawa mita moja na kidogo. Siku hizo bahari haiendi mbali wala haiji mpaka ukutani. Mgeni mwenye watoto wadogo, au asiyejua kuogelea, mwambieni aje siku za maji mafu. Hili hakuna anayewaambia, na ni jibu la bure.

Kuogelea Paje siku za bamvua: saa mbili kabla ya kujaa mpaka saa mbili baada ya kujaa. Nje ya hapo atatembea zaidi ya kuogelea.

Linafuata swali la Nungwi: "Mbona kule maji yapo siku nzima?" Bahari ni ile ile na kupwa ni kule kule. Tofauti ni chini. Pwani ya Paje ni bapa na mwamba uko nje, zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu yanaacha eneo kubwa wazi. Nungwi na Kendwa sakafu inazama haraka, maji yakishuka unapiga hatua chache zaidi unayakuta. Anayetaka kuogelea saa yoyote apelekwe kaskazini, msimkatalie kwa wivu wa biashara. Na anayetaka kuliona jua likizama baharini pia, maana Paje inatazama mashariki. Hapa atapata jua kuchomoza. Akiwa hataki kuhama hoteli, mpelekeni Michamvi Kae, upande unaotazama ghuba ya Chwaka. Ni karibu, na jua linazama majini.

Haya, la hatari. "Naweza kutembea mpaka kwenye mwamba?" Anaweza, lakini saa ya kugeuka ni muhimu kuliko saa ya kuondoka. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawa kujaa kwake mafungu 12: saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 4, basi, katika saa ya tatu na ya nne peke yake linapanda mita 2. Mtu mzima anazama. Na maji hayaji kwa mbele kama anavyodhani; yanajaza kwanza vijito vilivyo nyuma yake, kati yake na pwani, yeye huko mbele bado kasimama pakavu anapiga picha. Kanuni ni hii: aondoke saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakipwa kabisa awe ameshageuza uso kwenye minazi. Aende na mtu wa hapo hapo. Simu asiitegemee.

Miguuni avae viatu vya mpira vinavyofunga, hata yeboyebo. Ndara zinachomoka miguuni kwenye tope. Wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wamejaa kwenye majani na kando ya mawe, na mwiba wao unakatikia ndani. Asichokonoe kwa pini. Ndipo unapovunjika vipande na kidonda kinatunga usaha. Mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, maumivu yatapungua. Utomvu wa papai bichi wazee wetu wanautumia, nao wageni wanapenda kuusikia, lakini maji ya moto yatangulie. Maumivu yakiwa makali ya kupanda mguuni, au mguu ukivimba haraka, huyo pengine kakanyaga samaki wa sumu. Maji ya moto yale yale, na hospitali papo hapo, msingoje kesho.

Njiani kwenda mwambani atapita kwenye mwani, na hapa nawaomba mtumie dakika mbili kumweleza. Kilimo hiki kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mgeni anaona vijiti na kamba, anadhani takataka za wavuvi. Mwonyesheni: kamba imekazwa kati ya vigingi viwili, na juu yake vimefungwa vijikamba, kila kimoja kimeshika mche wa mwani kama ngumi ya mtoto. Ukipita juu yake, mche unakatika na kipande kinakwenda na maji, na mwenyewe alikuwa anahesabu wiki sita mpaka kuvuna. Mwani wetu ni wa aina mbili, cottonii na spinosum. Cottonii ndiyo yenye bei, lakini haivumilii maji ya vuguvugu ya pwani, inageuka nyeupe na kuoza; kwa hiyo wengi wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ya chini. Kazi hii inafanyika maji yakipwa tu, kwa hiyo mama yule ana saa chache. Mgeni akitaka picha aombe kwanza, akikataliwa apite. Na asimsimamishe nusu saa kwa maswali.

Kuhusu ngalawa za kwenda kutazama samaki, kosa ninalolisikia kila mara ni nahodha kumfurahisha mgeni. Mgeni kachelewa kuamka, nahodha anasema twende tu. Wanatoka maji yakishuka, wanakaa sana mwambani, wakirudi ngalawa inagota, na wageni wanateremshwa kutembea kilomita nzima na watoto begani. Mwambieni mapema: saa ya kuondoka inapangwa na maji, na akichelewa safari ni kesho. Atakuheshimu zaidi. Vile vile asiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yakitoka, maana maji yote ya ndani yanatafuta kupita pale.

Upepo? Kusi, Juni mpaka Septemba, na kaskazi, Disemba mpaka Machi mwanzoni. Wanaocheza na tiara baharini, wale wa kaiti, ndizo siku zao. Asiyecheza aogelee mbali na katikati ya Paje, asogee upande wa Jambiani au Bwejuu, maana zile kamba za kaiti zinakata. Masika, mwisho wa Machi mpaka Mei, hoteli nyingi zinafungwa. Mwambieni kabla hajalipa tiketi ya ndege, si baadaye.

Usafiri ni rahisi: kutoka Mjini kama kilomita 50, gari 309 la Jambiani au 324 la Bwejuu, yote yanapita Paje. Mwenye masanduku makubwa achukue teksi, asiwabane watu na magunia yao.

Bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya kwao. Wengi wanaijua uwanja wa ndege tu na kukasirika. Mkishapata oda ya chumba, watumieni ujumbe huo siku hiyo hiyo.

Wanauliza pia kwa nini sabuni haitoi povu bafuni. Visima vya pwani ile vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chumvichumvi. Hayamdhuru kuoga. Kunywa, anunue ya chupa. Andikeni hilo kwenye karatasi bafuni, litawapunguzia lawama.

Mavazi, kwa kifupi: nguo ya kuogelea ni ya pwani. Akivuka barabara kwenda dukani ajifunge kanga, mabega na magoti yasitiriwe. Msiogope kumwambia, anayejua anashukuru. Ramadhani asile wala kunywa njiani mchana, hotelini ale. Mwezi wenyewe unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwenye kupanga safari mpeni tarehe za mwaka anaokuja. Na kombe na matumbawe asiyaokote wala kuyanunua, atanyang'anywa uwanja wa ndege, na aliyemuuzia keshakula pesa.

La mwisho, ubao. Wekeni ubao mdogo mapokezi, na kila jioni mwandike maji ya kesho. Lakini angalieni saa! Mkimwambia mgeni "saa tatu" kwa Kiswahili chetu, yeye atakuja saa tisa alasiri na ngalawa imeshaondoka. Andikeni mara mbili. Kwa siku ya bamvua iwe hivi: YANAPWA saa 4:15 asubuhi, kwa saa za mgeni 10:15. YANAJAA saa 10:30 jioni, kwa saa zake 16:30. KUOGELEA 14:30 mpaka 18:30. Chini yake, mwezi wa tarehe ngapi. Tumieni chaki.

Jumapili inshallah tuanze na Nungwi, na kasa wa Mnarani.