Polepole si Kigugumizi: Simu Inapolegea Baada ya Apdeti

Hamjambo nyote. Naona viti vya nyuma vimejaa na vya mbele viko wazi, kama kawaida yetu. Sogeeni, mimi siumi. Tena leo kuna kitu cha kuona kwa macho, na skrini yenyewe ni ndogo.

Nimetengeneza simu hapa Kisumu miaka mingi. Nilianzia kwenye meza ya futi tatu kule Kondele, mwavuli mmoja, kopo la spiriti na mswaki. Siku hizo mteja alileta simu iliyotumbukia majini au iliyopasuka kioo. Siku hizi wengi wanaleta simu nzima, haina hata mkwaruzo. Mtu anaiweka mezani na kusema, "Fundi, hii ilikuwa sawa. Nimeifanyia apdeti juzi, sasa imekuwa nzito." Mwingine anasema inajivuta. Mwingine, inakwamakwama. Mama mmoja muuza omena aliniambia tu, "Imezeeka usiku mmoja."

Mafundi wenzangu, hapo ndipo tunapokosea. Tunasikia maneno hayo yote kama neno moja, halafu tunakimbilia dawa moja. Kuna simu inayokwenda polepole, na kuna simu yenye kigugumizi. Mtu anayetembea polepole hajaumia mguu; anayechechemea ndiye wa kupelekwa kwa daktari. Nikifanikiwa kuwaonyesha tofauti hiyo leo, nitakuwa nimemaliza kazi.

Dada huyu wa mstari wa mbele ameniazima simu yake ya Android. Asante, dada, nitairudisha. Nimeingia kwenye mipangilio, nikaenda kwenye taarifa kuhusu simu, nikatafuta nambari ya muundo, nikaigonga mara 7. Ndiyo, mara 7, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyesikia. Simu ikanitangazia kwamba sasa mimi ni msanidi programu, yaani mtu anayetengeneza programu. Mama yangu angefurahi kusikia. Sasa kuna ukurasa mpya umefunguka, na ndani yake mna mistari mitatu inayotaja uhuishaji: wa dirisha, wa kuhama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na wa vitu vidogo vidogo ndani ya programu. Neno lenyewe zuri: kuhuisha ni kutia uhai. Mistari yote mitatu hutoka kiwandani ikiwa kwenye 1. Mimi nimeiweka kwenye 10. Naigusa kamera. Tazameni.

Mnaona? Dirisha linatoka pale kwenye alama ya kamera kama donge la chapati linalosukumwa, linapanuka, linajaza skrini. Kwa kawaida jambo hili huchukua kama theluthi ya sekunde, na hakuna anayeliona. Hapa limechukua kama sekunde tatu. Lakini angalieni vizuri: limekwenda polepole, halikukwama. Limeteleza kama mtumbwi ziwani asubuhi kabla upepo haujaamka. Huo ndio upole. Ni muda uliopangwa na mtu, na mtu anaweza kuupangua.

Kigugumizi ni kitu kingine. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Gawanyeni: kila picha ina milisekunde 16 na kidogo. Chukulieni ni matatu inayotoka stendi kila baada ya milisekunde 16 na haingoji mtu, iwe imejaa au haijajaa. (Najua, matatu ya namna hiyo hatujaiona Kisumu.) Kazi ya simu ni kuhakikisha picha mpya iko stendi kabla gari halijaondoka. Ikichelewa hata kidogo, gari linaondoka tupu, na macho yako yanaona picha ileile ya zamani mara ya pili. Zikichelewa tatu nne mfululizo, unaona mruko. Kidole kimeshafika juu, ukurasa ungali chini. Na simu mpya zenye skrini ya kubadilika mara 120 kwa sekunde zina milisekunde 8 tu kwa kila picha, kwa hiyo ufahari huo una gharama yake. Google walilishughulikia jambo hili mwaka 2012 katika Android 4.1, kwa mradi waliouita Butter, yaani siagi, ili picha zifuate ratiba ya skrini badala ya kuja zinapotaka.

Sasa, apdeti inaingiaje hapa?

Programu unayoipakua haifiki simuni ikiwa katika lugha ambayo chipu inaielewa moja kwa moja. Lazima itafsiriwe. Simu inaweza kutafsiri papo kwa papo unapoitumia, kama mkalimani kwenye mkutano wa injili, sentensi kwa sentensi. Au inaweza kutafsiri mapema, ikaweka tafsiri kabatini na kuisoma tu inapohitajika. Njia ya pili ni nyepesi zaidi wakati wa matumizi. Mfumo mkubwa ukibadilishwa, tafsiri nyingi zilizokuwa kabatini hazifai tena. Kazi inaanza upya. Wenye umri wanakumbuka Android 5 ya mwaka 2014: baada ya apdeti simu ilikukalisha ikihesabu programu moja moja, 1 kati ya 80, 2 kati ya 80, mpaka chai inapoa. Android 7 ya mwaka 2016 iliondoa kungoja huko. Simu ikawa inawaka haraka, na ile kazi ya kutafsiri ikasogezwa hadi wakati simu imetulia na iko kwenye chaji.

Imetulia, na iko kwenye chaji. Vyote viwili kwa pamoja.

Hapo ndipo maisha yetu yanapogongana na mpango wa watu wa California. Wao wanadhani kila mtu analala na simu ikiwa ukutani. Hapa kwetu, mtu wa kule Seme ambaye umeme haujafika kwake anaipeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia mchana, anaizima kwanza ili isiguswe, anaichukua jioni. Usiku inafanya kazi ya tochi na redio. Wa mjini naye stima inapotea saa tatu usiku, inarudi alfajiri, na kabla ya hapo simu ilikuwa kwenye chaji huku mtoto akitazama katuni. Simu ya namna hii inaweza kukaa wiki mbili bila kupata hata saa moja ya utulivu na chaji pamoja. Inatafsiri papo kwa papo kila siku, magari yanaondoka matupu, na mwenyewe anasema apdeti imemwharibia simu.

Dawa yangu ya kwanza ni ya bure, ndiyo maana mafundi hawaipendi. Zima simu, iwashe, ichomeke kwenye chaji ikiwa imewaka, iweke mbali na mkono wako usiku mzima, siku mbili au tatu. Kama unaipeleka kibandani, ifunge kwa namba ya siri lakini usiizime. Sasisha na programu zako zote, kwa sababu nyingine zimeandikwa kwa mfumo wa jana. Kisha ndipo uje kwangu.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwalimu mmoja aliniletea simu yake siku ya pili baada ya apdeti. Ilikuwa na kigugumizi kikubwa. Ukifungua orodha ya majina inaruka kama panzi. Sikuuliza kitu. Nikafuta kila kilichokuwemo, nikairudisha kama ilivyotoka dukani, nikamtoza shilingi 500. Akarudi kesho yake. Simu ilikuwa nzito zaidi, na sababu ni wazi kwangu leo: nilikuwa nimeilazimisha kupakua programu zote upya na kuanza tafsiri zote mwanzo. Lakini hakurudi kwa ajili ya uzito. Alirudi kuuliza picha za mahafali ya binti yake ziko wapi. Hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine. Nilimrudishia shilingi 500 zake, akazihesabu taratibu, akaondoka bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo kufuta simu yote ni jambo la mwisho kabisa, baada ya kuhamisha picha na majina, na baada ya mwenyewe kuona kwa macho yake kwamba zimehama.

Mafundi, kuna kifaa kilichomo ndani ya simu na wengi wenu hamkitumii. Kwenye ukurasa uleule wa wasanidi kuna sehemu ya kupima uchoraji wa skrini kwa vijiti. Ukiiwasha, vijiti vya rangi vinaota chini ya skrini kama meno ya kitana, kila kijiti ni picha moja, na kuna mstari wa kijani umepita kwa mlalo. Mstari huo ndio zile milisekunde 16. Kijiti kilicho chini ya mstari kimewahi gari. Kilichopita juu kimechelewa. Fungueni programu moja baada ya nyingine, telezesheni ukurasa, na mtazame. Mara nyingi mtakuta vijiti vimetulia kila mahali isipokuwa kwenye programu moja, na hapo si simu tena, ni ile programu.

Yale mengine nitayapitia haraka. Nafasi ya kuhifadhia ikijaa, simu inashindwa kupumua. Mfumo mpya kwa kawaida ni mkubwa kuliko wa zamani, na video za vikundi vya WhatsApp hazijaondoka. Mimi hupenda kuona gigabaiti 4 au 5 tupu. Hali ya kuokoa betri, kwenye simu nyingi, hupunguza kasi makusudi. Joto nalo: simu iliyofungwa kwenye usukani wa boda boda, jua la saa nane la Kisumu, ikionyesha ramani huku inachaji, itajipunguza nguvu ili isiungue. Na zile programu zinazojiita wasafishaji, ziondoeni. Zinaua programu ulizokuwa unatumia, kisha simu inalazimika kuziwasha tena toka mwanzo.

Betri inastahili maneno zaidi. Kuna watu wanaamini kampuni hulegeza simu za zamani kwa apdeti ili ununue mpya. Siwacheki, kwa sababu Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba iOS 10.2.1, apdeti ya mfumo wa iPhone iliyotoka Januari mwaka huohuo, ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Sababu yao ilikuwa kwamba betri iliyochoka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo, na simu ingezimika ghafla. Sababu ya kweli. Kosa ni kwamba hawakuwaambia wenye simu. Walishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, mwaka uliofuata wakaweka ukurasa wa afya ya betri katika iOS 11.3, na Februari 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya yuro milioni 25. Mteja akikuletea iPhone iliyolegea, fungua ukurasa huo kwanza. Betri mpya inaweza kurudisha kasi ambayo hakuna mpangilio ungeirudisha.

Sasa tumerudi kwenye ile mistari mitatu. Ikiwa simu yako haina kigugumizi, inakuchosha tu kwa madoido, weka yote mitatu kwenye 0.5. Dirisha litafunguka kwa nusu ya muda, na utahisi umenunua simu nyingine. Lakini hukuongeza nguvu yoyote. Umefupisha safari, hukubadilisha injini. Mwenye kigugumizi akiweka 0.5 atabaki na kigugumizi kifupi. Kuzima kabisa sipendi: katika baadhi ya programu ile duara ya kungoja inasimama, nawe unadhani malipo yamekwama, unabonyeza tena. Pia kuna programu za benki zinazokataa kufunguka zikiona ukurasa wa wasanidi uko wazi. Ukiufunga kwa sababu hiyo, rudi uangalie kama zile namba zimebaki ulipoziacha.

Kwenye iPhone hakuna mizani hiyo. Kuna swichi ya kupunguza mwendo katika sehemu ya ufikivu. Iliongezwa nguvu katika iOS 7.0.3, Oktoba 2013, baada ya watu kulalamika kwamba mandhari mapya yanawatia kizunguzungu.

Ndiyo, mzee, uliza.

Anauliza kama anaweza kuirudisha simu kwenye mfumo wa zamani. Mzee wangu, kwa simu nyingi mlango huo umefungwa, na hata ukifunguliwa kwa nguvu utapoteza kila kitu pamoja na marekebisho ya usalama. Wewe unatuma pesa kwa simu hiyo. Sikushauri. Ya kwako ina miaka mingapi? Mitano, memori ya gigabaiti 2. Basi hii ina kigugumizi na upole vyote viwili. Iweke 0.5, toa programu usizotumia, na apdeti kubwa ikija tena iulize kwanza jirani mwenye simu kama yako. Ile ndogo ya usalama usiikatae.

Muda umekwisha, naona mlinzi ameshika funguo. Dada, simu yako hii hapa, nimekurudishia kwenye 1. Jaribu kufungua ujumbe.

Bado? Hebu nione. Aa, mstari wa tatu niliusahau kwenye 10.