Mpasueni Kwanza, Dawa Baadaye

Assalamu alaykum. Mada niliyoandikiwa ni maradhi ya utumbo kwa samaki wa kufuga, mwatiko na perege. Walionisikia Wete waniwie radhi, nitayasema yale yale.

Juzi kanipigia simu mfugaji mmoja: "Daktari, samaki wanavimba matumbo, wanaelea ubavu. Nishawatilia dawa." Dawa gani? Tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria! Kapsuli za watu, kazifungua moja moja usiku, mkewe kamshikia tochi, kazimwaga bwawani. Bwawa la maji ya bahari? "Ndiyo." Basi bwana, madini ya kalisi na magnesi yaliyomo baharini huikamata dawa hiyo, ikabaki haina nguvu. Pesa imekwenda kulisha matope. Na msiniambie "tutaichanganya na chakula." Samaki mgonjwa hali! Atakayeila ni mzima, na watakaokufa tumboni mwake ni bakteria wake wema. Mnacheka. Perege ana bakteria wanaomtengenezea vitamini B12 humo humo utumboni, ndiyo maana hatumnunulii. Ukishawaua, nafasi anaikalia nani? Vibrio, bakteria wa maradhi, ambaye yumo majini siku zote, anangoja samaki adhoofike tu.

Nikamwambia lete samaki. Tukapasua. Utumbo wa mwatiko ni mrefu, umejikunja kunja, kwa kuwa anakula mwani mdogo mdogo wa chini. Akiwa mzima huukuta umejaa kijani. Huu ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, mwekundu, ndani majimaji ya manjano. Ukiwalisha nini, ndugu yangu? Pumba zilizoota ukungu, tena kazidisha, mabaki yameozea chini, alfajiri samaki wote midomo juu wanatafuta hewa. Sasa hapo bakteria ndiye wa kulaumiwa?

Yuko atakayesema mbona Norwei wanatumia dawa. Walitumia kweli, mwaka 1987 karibu tani 50. Siku hizi haifiki hata tani moja, na samaki wao wameongezeka maradufu na zaidi, kwa sababu wanachanja. Mimi sina chanjo ya kukupeni hapa. Bamvua mnalo, yale maji makuu ya bahari, likiingia, badilisheni maji.

Kuhifadhi chakula nilikuwa na kurasa tatu, lakini mwenyekiti anatazama saa. Magunia juu ya chaga, pakavu. Soya mbichi msiwape.

Tokeni nje, ndoo ile ina mwatiko wawili waliokufa leo asubuhi kwenye bwawa la mmoja wenu, simtaji. Nani ana kisu?