Kurudi Kwenye Kumite Baada ya Kukaa Nje: Anza na Umbali

Osu, karibuni. Video hii ni ya karateka (mchezaji karate) aliyekaa nje ya dojo, ukumbi wa mazoezi, miezi sita, mwaka au zaidi, na sasa amerudi. Kata, ile miondoko ya kupanga, bado anazikumbuka, mateke bado yanapanda, lakini akiitwa kwenye kumite, yaani kupambana na mwenzake, anapigwa na kijana wa mkanda wa kijani na haelewi ngumi imepitia wapi. Ngumi zako hazijapotea. Kilichopotea ni maai, yaani umbali kati yako na mwenzako, pamoja na jicho la kuusoma. Woga unakuja baada ya hapo: usipojua ngumi ipi inakufikia na ipi haikufikii, mwili unaziogopa zote.

Vifaa kwanza, haraka. Kinga ya meno ikidondoka ukifungua mdomo, nunua nyingine ya kulainisha kwenye maji ya moto na uing'ate upya. Glavu ambayo sponji yake imekauka ikawa ngumu itamuumiza mwenzako, itupe. Na kama uliacha kwa sababu ya kuumia kichwa au goti, daktari akuruhusu kwanza.

Hatua ya kwanza ni miguu, wiki mbili nzima. Pumzi hurudi mapema, kano huchelewa, na hapo ndipo watu huumia kano ya kisigino: wanajisikia wepesi, wanaongeza kasi. Ruka kamba raundi 3 za dakika moja, ukipumzika dakika moja katikati. Kisha simama kamae, yaani mkao wa kupigana, usogee mbele na nyuma. Tazama hapa, mguu wa nyuma: kisigino kimeinuka kiasi cha karatasi kupita chini yake. Kikilala, unachelewa kuondoka. Kikipanda sana, shavu la mguu linachoka upesi. Nyonga zibaki kimo kimoja. Anayedundadunda hupigwa akiwa hewani, hana pa kukanyagia.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha video hii, usiiruke. Mwenzako asimame kamae, miguu yake ukiiwekea alama sakafuni. Anyooshe gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, bila kusogea, nawe ujipange mpaka ngumi iishie shubiri moja kutoka kifuani kwako. Bandika utepe mbele ya vidole vya mguu wako wa mbele. Sasa apige akiingia kwa yori-ashi, yaani akiteleza mbele bila kubadilisha miguu. Umeona? Palepale ulipojiona salama, amekufikia. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka hata akiingia, ngumi iishie shubiri ileile. Bandika utepe wa pili.

Kati ya tepe hizo mbili hakuna kupumzika. Ukiwa humo, ama unapiga, ama unatoka. Wengi wanaorudi hupigwa wakiwa wamesimama hapo wakifikiria la kufanya.

Mwenzako aingie mara 20, gyaku-zuki ya chudan (kiwiliwili), nusu kasi. Usizuie kwa mkono. Teleza nyuma kiasi tu cha ngumi kuishia shubiri moja, halafu mbadilishane. Kosa la kawaida ni kukimbia hatua tatu nyuma kwa mstari ulionyooka. Unasalimika, ndiyo, lakini uko mbali mno kujibu, na yeye ameshapata mwendo. Rudi mara moja. Akiendelea kuja, toka pembeni kama digrii 45.

Hatua ya tatu, macho. Kupepesa ngumi inapokuja ni jambo la mwili, hulikomeshi kwa kujikemea. Mwenzako arushe ngumi polepole, aisimamishe shubiri moja mbele ya uso wako, kisha afungue vidole viwili, vinne, vyovyote. Taja idadi kwa sauti. Ukikosea, ulifumba. Ishirini kila upande, na kasi iongezwe pale tu unapopata zote. Nje ya zoezi hili, macho yatulie usawa wa mifupa ya mtulinga. Ukiifuata ngumi, teke hulioni.

Hatua ya nne ni jiyu ippon kumite. Mwenzako anataja shambulizi: jodan (usoni), chudan, mawashi-geri (teke la kuzunguka). Unapokea na kujibu mara moja. Ngumi yake inapoanza kurudi, yako iwe njiani. Ukisubiri irudi kamae, umechelewa. Toa pumzi kwa kila pigo, isikike. Anayebana pumzi anachoka kabla dakika haijaisha, kisha anasingizia stamina.

Hatua ya tano, jiyu kumite (pambano huru) yenye masharti. Raundi 3 za dakika moja na nusu, nusu kasi. Ya kwanza una kizami-zuki, ngumi ya mkono wa mbele, peke yake, ya pili unaongeza gyaku-zuki, ya tatu unaongeza teke moja. Pambano la wakubwa la WKF, Shirikisho la Karate Duniani, ni dakika 3, hilo lisikuharakishe. Mwenzako awe mkanda wa kahawia au mweusi anayejua kujizuia. Mkanda mweupe anaonekana mwepesi, lakini yeye mwenyewe hajui ngumi yake itaishia wapi.

Ikipigwa yame, amri ya kusimama, inamianeni, kisha muulize yeye au aliyekuwa akitazama: nimesimama katika umbali ule wa kati ya tepe mara ngapi bila kupiga wala kutoka? Zikizidi tano katika raundi moja, mazoezi mawili yanayofuata rudini kwenye tepe.