Ombi la ruzuku: anza na bajeti, maneno baadaye

Karibuni tena. Leo tunaandika ombi la ruzuku la asasi ndogo, ile yenye ofisi ya chumba kimoja na mhasibu wa kujitolea. Hapa kwenye kompyuta nimefungua jedwali tupu, sijafungua ukurasa wa kuandikia. Sababu mtaiona.

Kwanza, nyaraka. Kwa Tanzania, weka kwenye faili moja cheti cha usajili chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002, katiba, TIN, ripoti ya mwaka na taarifa ya benki. Akaunti iwe na jina la asasi, siyo la mwenyekiti! Kama ada ya mwaka kwa Msajili hamjalipa, simamisha video, kalipeni kwanza.

Pili, chapisha tangazo la mfadhili, shika kalamu. Piga mstari kila palipoandikwa "hatugharamii". Wengi wetu tunakimbilia kiasi cha fedha, mengine tunayaruka. Ubalozi wa Japani, kwa mfano, una mpango wa ruzuku kwa miradi midogo ya jamii, ulioanza mwaka 1989. Unagharamia madarasa, zahanati, visima. Mishahara yenu na kodi ya ofisi, hapana. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam nayo ina mambo yake: uwajibikaji, utawala bora, ushiriki wa wananchi. Huko kisima chako kitakuwa mgeni.

Tatu, na hapa tukae kidogo. Bajeti.

Tuseme tunaomba tangi la maji ya mvua kwa shule. Usianze na "wanafunzi wanateseka sana". Chukua futi kamba, pima paa. Hili la mfano wetu ni mita 20 kwa 8, sawa na mita za mraba 160. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Basi milimita 40 zitaleta lita 6,400. Toa asilimia 20 ya maji yanayovuja na kurukia nje, zinabaki 5,120. Tangi la lita 5,000 limejaa. Sasa mfadhili akiuliza kwa nini hukuomba la 10,000, jibu unalo kwenye karatasi.

Shuka mstari kwa mstari: tangi, gata, mabomba, msingi wa zege, fundi, usafiri. Usafiri husahaulika kila mara, na tangi halipandi bodaboda. Kila mstari uwe na kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. Omba proforma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, kwenye maduka matatu, ziambatishe. Mchanga, mawe na nguvukazi ya wazazi navyo vithaminishe kwa shilingi, maana huo ndio mchango wenu. Halafu futa neno "mengineyo". Niliwahi kuliweka na asilimia 15 pembeni. Nikaulizwa ni yapi hayo, nikabaki natazama dari.

Nne, sasa ndiyo tufungue ukurasa wa kuandika. Maneno yatoke kwenye jedwali: tatizo, kazi, nani atafanya nini mwezi gani. Taja pia nani atabadilisha koki ikiharibika mwaka wa pili. Kurasa tatu zinatosha, isipokuwa tangazo limesema vingine. Mpe mwalimu wa shule ile asome. Atakuonyesha ulipotia chumvi.

Tano, tuma siku tatu kabla ya mwisho. Siku yenyewe umeme hukatika, si mnajua? Ukipata ujumbe wa kupokelewa, upige picha.

Ukikubaliwa, usikimbilie dukani. Kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka mkataba unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kwa hiyo siku ya kusaini, toka hapo na nakala mbili za ziada mkononi.